Kinywaji Chetu Kisifiwe kwa Kipimo

Wahenga wetu wa pwani, ambao waliujua mnazi tangu mzizi hadi kilele, walituachia methali isemayo kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mtu asilewe sifa. Leo tunapenda kuitumia kwa maana yake ya karibu zaidi, yaani kwa habari ya vinywaji vyenyewe. Yako mambo yaliyotokea majumbani mwetu mwaka 2020 ambayo hayajapata kupimwa sawasawa, na kadiri miaka inavyopita yaelekea ama kusahauliwa ama kugeuzwa masihara.

Mwaka ule, maradhi ya korona yalipoenea, dunia nzima ilirudi nyumbani. Serikali ya Uingereza ilifunga mabaa tarehe 20 Machi 2020, na watu wa London waliozoea kununua vinywaji vya mseto viitwavyo kokteli wakaanza kuvichanganya wenyewe katika majiko yao. Afrika ya Kusini ilipiga marufuku uuzaji wa pombe tangu 27 Machi, na mara wananchi wake wakanunua mananasi kwa wingi, wakachachua bia ya nanasi majumbani. Huko Iran yalitokea maafa. Watu walidanganywa kwamba kileo huua vijidudu vya korona tumboni, wakanywa pombe ya sumu, na mamia wakafa.

Nasi je? Tanzania haikuwafungia wananchi wake ndani kama zilivyofanya nchi nyingi. Hata hivyo, nani atakayesema kwamba nyumba zetu zilibaki kama zilivyokuwa?

MWAKA WA NYUMBA KUJAA

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Siku iliyofuata Waziri Mkuu, Ndugu Kassim Majaliwa, alitangaza kufungwa kwa shule, na watoto wa msingi na wengi wa sekondari hawakurudi madarasani hadi 29 Juni. Katikati ya Aprili ndege za abiria kutoka nchi za nje zilisimamishwa, zikaruhusiwa tena tarehe 18 Mei. Mwishoni mwa Aprili hiyo hiyo ukaandama mwezi wa Ramadhani, na masika nayo yalikuwa yamepamba moto.

Huku kwetu Ushongo, kijiji cha wavuvi na wakulima wa minazi kilichoko kusini ya mji wa Pangani, ng'ambo ya mto, mambo hayo manne yalikutana mahali pamoja. Hoteli za ufukoni zilikosa wageni wa kuwapeleka kuona fungu la Maziwe, na vijana waliokuwa wakifanya kazi humo wakarejea kwa wazee wao. Watoto walikuwa nyumbani. Mvua iliwazuia watu kwenda mbali. Nyumba iliyozoea kubaki na bibi na mjukuu mmoja wakati wa mchana, ikawa na watu kumi wanaotazamana kuanzia alfajiri hadi magharibi, wakiingoja futari.

Hapo ndipo jagi lilipopata cheo chake. Kila nyumba ilikuwa na ndimu, au ilikuwa na jirani mwenye mdimu. Kila nyumba ilikuwa na kinu na mchi, na tangawizi ilipondwa. Ukwaju ulioanikwa tangu kiangazi ulitolewa ndani ya kapu. Madafu yaliangushwa. Watoto, ambao hawakuwa na daftari la kuandika, walipewa kazi ya kuchuja. Na mtu aliyejikuta katika wakati mgumu kupita wote, naye akiwa amekatika mshahara, ni yule kijana aliyekuwa akihudumia wageni hotelini. Yeye ndiye aliyeonekana kuwa na elimu mpya ya kuwafundisha watu wa kwao.

Katika nyumba moja ya Ushongo Mabaoni, kijana wa namna hiyo aliwatengenezea wenziwe maji ya dafu, akayakamulia ndimu, akayatia tangawizi iliyochujwa na majani machache ya nanaa. Bibi yake alionja, kisha akamwuliza:

"Mjukuu wangu, huko hotelini hii mnaiuza kwa kiasi gani?"

Kijana alijibu kwa adabu, "Shikamoo zako bibi, bilauri moja tu ni bei ya kilo za mchele wa nyumba hii kwa siku mbili."

Bibi akaweka bilauri chini, akasema, "Marahaba. Kumbe miaka yote hii nimekuwa nikiwanywesheni utajiri, wala hapana aliyenirudishia hata shukrani."

Maneno hayo ya bibi ndiyo tunayotaka viongozi wetu wayatafakari, pamoja na ndugu zetu wa visiwani tunaotazamana nao ng'ambo ya mkondo wa bahari.

MSETO SI MGENI PWANI

Iko kasumba inayotufanya tuamini kwamba kuchanganya vinywaji ni ustadi wa Wazungu, na kwamba sisi kazi yetu ni kuubeba tu juu ya sinia. Hebu tuitazame historia. Gazeti moja la jimbo la New York nchini Marekani lilieleza mwaka 1806 kwamba kokteli ni mchanganyiko wa kileo, sukari, maji na vitu vichungu. Huo ndio ushahidi wa zamani sana wa maana ya neno hilo katika maandishi. Lakini kabla ya hapo, kinywaji kingine cha mseto kiitwacho panchi kilikuwa kimekwisha kufika Ulaya kwa mabaharia waliotoka Bara Hindi, na wengi huamini kwamba jina lake latokana na neno la Kihindi lenye maana ya tano, kwa kuwa kilitiwa vitu vitano. Na neno letu la sharubati ni la Kiarabu, ambalo limesafiri hadi katika lugha za Ulaya vilevile. Kwa hiyo bahari yetu hii ndiyo mojawapo ya shule za kwanza za mseto, na wala haikuwa lazima kileo kiwemo.

Pangani yenyewe ina sehemu katika habari hiyo. Katika karne ya 19, kabla ya vita vya Abushiri vya mwaka 1888, kando ya mto kulikuwa na mashamba makubwa ya miwa, na sukari yake ilipakiwa majahazini kwenda Unguja na Arabuni. Tusisahau kwamba miwa hiyo ilikatwa na watumwa, na utamu ule ulikuwa na chumvi ya jasho la watu wasiolipwa. Leo miwa ikisagwa barabarani mjini Tanga, ikachanganywa na ndimu na tangawizi, mwenye mashine ni mtu huru na fedha ni yake. Hilo nalo ni tunda la uhuru, ingawa halitajwi kwenye majukwaa.

Tuyataje basi yaliyo yetu. Mnazi peke yake unatupa hazina nzima, na lugha yetu imeupa kila umri wa tunda jina lake: kidaka, kitale, dafu, koroma, kisha nazi. Dafu linatupa maji, na nyama yake laini hukombwa kwa kipande cha ganda lake lenyewe. Ukwaju hulowekwa katika maji ya moto, ukafikichwa kwa mkono safi, ukachujwa, ukatiwa sukari kidogo na iliki iliyopondwa. Ubuyu hukorogwa hadi unga wake uache mbegu. Stafeli huondolewa kokwa, ikapigwa pamoja na maziwa baridi. Rozela huchemshwa pamoja na mdalasini na chembe mbili za karafuu, ikapoa ikiwa na rangi ya kutamanisha. Na mabungo, ambayo ndugu zetu wa Unguja na Pemba hawatatusamehe tukiyasahau, hulowekwa, yakasuguliwa mbegu zake na kuchujwa, na harufu yake hujaza nyumba kabla ya jagi kufika mkekani.

Hivyo vyote vilijulikana. Jipya lililotokea mwaka 2020 ni kwamba watu wa marika matatu walikaa mahali pamoja kwa muda wa kutosha hata elimu ikahama. Bibi alijua kipimo cha sukari kwa kutazama, lakini hakujua kwamba ukwaju waweza kuoana na embe. Kijana alijua kuoanisha, lakini alikuwa hajapata kufikicha ukwaju tangu azaliwe, kwa maana hotelini ulikuwa ukimfikia ndani ya chupa. Mtoto alijua kusoma, akaandika. Laiti kila nyumba ingekuwa imehifadhi karatasi ile aliyoandika mtoto!

NENO DAWA NA HATARI YAKE

Sasa tuingie katika jambo zito. Mabaa ya Afrika ya Mashariki yana kokteli mashuhuri iitwayo Dawa. Imetengenezwa kwa kileo kikali, ndimu, sukari na asali inayozungushwa kijitini, nayo ilivumishwa na mkahawa wa Carnivore wa Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1980. Jina lile lilikuwa mzaha wa walevi, na kila aliyeagiza alijua kwamba haendi kutibiwa.

Mwaka 2020 neno hilo hilo liliacha kuwa mzaha. Ndimu, malimau, tangawizi na vitunguu saumu vilipanda bei katika masoko yetu kwa sababu watu walivinunua kama kinga. Aprili mwaka huo Rais Andry Rajoelina wa Madagaska alizindua kinywaji kilichotengenezwa kwa mmea wa artemisia, na mwezi Mei Serikali yetu ilipeleka ndege kwenda kukichukua. Taasisi yetu ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu nayo ilitoa kinywaji chake cha mitishamba, na mwezi Februari 2021 Waziri wa Afya, Dakta Dorothy Gwajima, alionyesha mbele ya waandishi wa habari namna ya kusaga mchanganyiko wa tangawizi, vitunguu, ndimu na pilipili.

Hatuandiki haya kwa kumcheka mtu. Taifa lililokuwa mbele ya maradhi yasiyokuwa na tiba lilitafuta silaha ghalani mwake lenyewe, na hamu ya kujitegemea si dhambi. Walakini ukweli hauna budi kusemwa. Shirika la Afya Duniani lilieleza mapema kwamba kitunguu saumu ni chakula chenye manufaa, lakini hapakuwa na ushahidi kwamba kinamkinga mtu na korona. Hali hiyo haikubadilika. Maji ya tangawizi humpa faraja mwenye koo linalowasha, humfanya anywe maji mengi, na humpa mgonjwa nafasi ya kuhudumiwa na watu wake. Hayo ni mema. Lakini hayakuwa ngao. Kinga iliyopimwa ilikuja kwa sindano, na Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani tarehe 28 Julai 2021 ili wananchi waione.

Tatizo la kusifu kupita kiasi ni kwamba madhara yake yana pande mbili. Upande wa kwanza ni wa yule aliyeamini kwamba bilauri moja ya asubuhi imemtosha, akaenda msongamanoni bila barakoa, au akamchelewesha mzazi wake nyumbani huku pumzi zikimpungua. Upande wa pili ni wa kinywaji chenyewe. Baada ya hofu kupita, watu wengi walilitupa jagi pamoja na uvumi. Ukiwatengenezea leo maji ya ndimu na tangawizi, hukuuliza kwa kicheko kama korona imerudi. Kinywaji kilichokuwa chakula cha heshima cha futari kimegeuzwa kuwa ukumbusho wa wasiwasi. Ndiyo maana tukaanza kwa methali ya mgema. Sifa za uongo zimelitia maji tembo letu, na sasa hata ladha yake halisi hatuioni.

MSETO ULIOPIMWA

Je, hakuna kinywaji kabisa cha kuchanganya nyumbani kinachookoa maisha? Kipo, na kila mama wa visiwani na wa mwambao anapaswa kukijua kwa moyo kama anavyoijua Alhamdu.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya ukombozi wa Bangladesh, kipindupindu kiliingia katika kambi za wakimbizi waliokimbilia India. Dripu hazikutosha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuwanywesha wagonjwa maji yaliyotiwa chumvi na sukari kwa kipimo maalumu, na vifo vikapungua mno. Siri ya kazi yake ni kwamba sukari huisaidia chumvi kupenya katika ukuta wa utumbo, na chumvi huyavuta maji pamoja nayo. Jarida la kitabibu la Lancet liliandika mwaka 1978 kwamba huenda ugunduzi huo ndio maendeleo makubwa kupita yote ya utabibu katika karne ile.

Kipimo chake cha nyumbani ni hiki: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo sita vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu kwa kisu. Chumvi ikizidi, ni hatari kwa mtoto. Sukari ikizidi, kuhara huongezeka. Hutumiwa pale ambapo pakiti za zahanati hazipo, na mtoto anyweshwe kidogo kidogo huku akipelekwa zahanati kutafutiwa pakiti hizo pamoja na vidonge vya zinki.

Tazama basi tofauti. Vitu vyenyewe ni vya jikoni, kama vilivyo vya jagi la tangawizi. Mikono ni ile ile ya mama. Lakini kimoja kimeitwa dawa baada ya kupimwa, kujaribiwa, kuhesabiwa na kuthibitishwa. Kingine kiliitwa dawa kwa kuwa tulitamani kiwe hivyo. Kinywaji hakipati udaktari kwa kutangazwa, kama vile mtu asivyopata uhafidhi wa Kurani kwa kuvaa kanzu.

Wala tusisahau kwamba hata sharubati nzuri yaweza kuwa gari la maradhi. Wakati wa kipindupindu cha mwaka 2016, ndugu zetu wa Zanzibar walishuhudia uuzaji wa vyakula na sharubati mitaani ukizuiwa, kwa kuwa maji na barafu isiyo salama ndiyo iliyokuwa ikisambaza vijidudu. Ndimu haiyasafishi maji machafu. Moto ndio unaoyasafisha. Mwenye kutengeneza jagi aanze na sufuria ya maji yaliyochemka, na barafu yake itokane na maji hayo hayo.

Na kwa habari ya kileo, hatutasema mengi. Dini ya wengi wetu imekwisha kukata shauri, na wasiokuwa na katazo hilo wanalo la sheria juu ya gongo, ambalo utengenezaji wake wa kificho umewapofusha na kuwaua watu wengi. Mafunzo ya Iran yanatosha. Tunachosema ni kwamba jagi letu halipungukiwi na kitu kwa kukosa kileo. Mgeni aliyekunywa rozela yenye karafuu ufukoni hakuuliza kilichokosekana.

YALIYO JUU YA VIONGOZI

Mwaka 1973 Taifa hili liliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Wananchi walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kulima bustani. Nguvu ya kampeni zile ni kwamba mtaalamu alitoa kipimo na mwananchi alitoa mikono. Wala mmoja hakuchukua nafasi ya mwenzake. Mwaka 2020 mikono ya wananchi ilikuwa tayari kupita wakati wowote, lakini kipimo hakikufika mapema, na penye pengo la kipimo uvumi ulijipenyeza. Janga jingine likija, na majanga huja, tunaomba redio itangulie uvumi.

La pili ni la uchumi. Msimu wa machungwa ukifika, Muheza huonekana milima ya matunda kando ya barabara, na mkulima huuza kwa bei anayoitaka mchuuzi kwa kuwa akikaa siku tatu zaidi yataoza. Maembe ya mwambao huoza chini ya miembe. Ilhali katika meza za hoteli kadha wa kadha za pwani mgeni hupewa sharubati ya paketi iliyovuka bahari. Huu ni msiba wa kujitakia. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Lipo Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya kazi za namna hii. Lipo Shirika la Viwango. Yule kijana wa Ushongo na bibi yake, wakiunganishwa na vyombo hivyo vitatu, ni kiwanda tayari. Wanachohitaji ni mashine ndogo ya kukamulia, jokofu, mafunzo ya usafi na chupa zenye lebo, pamoja na mnunuzi aliyeko mita mia chache kutoka nyumbani kwao.

La tatu ni mnazi wenyewe. Kwa miongo mingi mwambao wetu umeandamwa na maradhi yanayoua minazi, na ndiyo maana mwaka 1979 Taifa lilianzisha mpango wa kuendeleza zao hilo. Minazi mingi tunayoiona leo ni mizee. Anayekunywa dafu bila kupanda mche anakula mtaji wa wajukuu. Tunaviomba vituo vya utafiti na maofisa kilimo wa wilaya wasiishie kutoa hotuba, bali miche inayohimili maradhi ifike vijijini kabla ya mvua za vuli na za masika.

La nne linatuhusu sisi wananchi, wala halihitaji bajeti. Elimu iliyohama kutoka kwa bibi kwenda kwa mjukuu katika miezi ile ya shule kufungwa isikatike kwa kuwa shule zimefunguliwa. Walimu wa sayansi wanaweza kuwafundisha watoto uchachu, utamu na vijidudu kwa kutumia ukwaju wa kijijini kuliko kwa kutumia picha ya kitabuni. Watoto wapewe kazi ya kuandika vinywaji vya bibi zao, kipimo kwa kipimo, na jina la mwenye kinywaji likae juu ya ukurasa. Wazee wetu wanaondoka, na kila mmoja anaondoka na jagi lake.

Nao ndugu zetu wa Unguja na Pemba, walio mafundi wa viungo kutupita, tunawaomba waje na mabungo na karafuu zao, nasi tutakuja na ukwaju na machungwa. Vyombo vinavyovuka kati ya Kipumbwi na Unguja vimezoea kubeba samaki, mbao na abiria. Vinaweza kubeba na kreti za chupa pia.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Kinywaji cha nyumbani ni chakula, ni ukarimu, ni kazi, na kwa atakayekisimamia ni mali. Kisifiwe kwa hayo manne, maana yanakitosha. Atakayetaka kukiita dawa akipeleke kwanza kwa wenye mizani, na majibu ya mizani yakubaliwe hata yakiwa machungu kuliko shubiri. Halmashauri zinazo asilimia zake, mashirika yanazo ofisi zake, na vijana wa Ushongo wanazo ndimu zao. Msimu wa machungwa haumngoji mtu anayeitisha kikao kingine.